Mbolea Iliyokusudiwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuatilia wakulima wadogo wa mahindi kwa misimu kadhaa. Baadhi ya wakulima hao walikuwa wametenga sehemu ya mashamba yao kwa majaribio ya mbolea, na walikuwa wamejionea mavuno yakiongezeka. Walipoulizwa kama wangetumia mbolea msimu uliofuata, asilimia 97.7 walisema ndiyo. Msimu ulipowadia, walioitumia walikuwa asilimia 36.8.

Kuna sababu tatu zinazotajwa haraka kila pengo la namna hii linapoonekana, na hakuna hata moja inayofika mbali. Ya kwanza ni kutojua. Lakini hawa walikuwa wameliona jambo lenyewe shambani mwao. Ya pili ni gharama; lakini mbolea iliuzwa madukani hata kwa kilo, na vipimo vya watafiti hao vilionyesha kwamba nusu kijiko cha chai kwa kila shina, wakati wa kukuzia, ingerudisha faida ya wastani wa asilimia 36 kwa msimu mmoja. Ya tatu ni uvivu, neno ambalo mkulima wa jembe la mkono huambiwa zaidi na watu walioketi.

Wakulima wenyewe walikuwa na jibu la nne: siku ya kununua, fedha haikuwepo. Ni kweli, na jibu hilo linafungua mengi. Fedha hupatikana baada ya mavuno. Mbolea ya kukuzia huhitajika miezi kadhaa baadaye, mahindi yakishafika magotini. Kati ya nyakati hizo mbili shilingi hupitia karo, msiba, mgonjwa na mgeni asiyetarajiwa. Hakuna siku ambayo mkulima aliamua kutonunua mbolea. Kila siku aliahirisha kwa siku moja tu, na jumla ya siku hizo ikawa uamuzi usio na mwenyewe.

Mtu asiyetekeleza alichokusudia kwa kawaida hapungukiwi nia. Anapungukiwa chombo cha kuibeba nia hiyo kutoka saa ilipozaliwa hadi saa inapohitajika. Kumwongezea nia ni kumwaga maji zaidi kwenye bomba lililopasuka. Thomas Webb na Paschal Sheeran walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa kukusanya majaribio 47 ambamo nia za watu zilikuwa zimebadilishwa kwa makusudi: badiliko la wastani hadi kubwa katika nia lilizaa badiliko dogo hadi la wastani katika matendo. Matokeo hayo hayajapunguza idadi ya semina za hamasa.

Chombo kinachozungumziwa hapa ni kile ambacho wanasaikolojia hukiita stadi za utendaji, yaani uwezo wa akili kusimamia shughuli zake yenyewe. Kwa kawaida hugawanywa mara tatu. Kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kushikilia mambo machache akilini huku ukiyatumia. Kuna kujizuia, yaani kulisimamisha jibu linalokuja lenyewe ili jingine lipate nafasi. Na kuna wepesi wa kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine bila kung'ang'ania ya kwanza. Uchunguzi wa Akira Miyake na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba uwezo huu wa aina tatu una undugu lakini hautembei pamoja daima: mtu anaweza kuwa hodari wa kujizuia na bado akasahau alichokuja kuchukua chumbani. Zote hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo hukomaa polepole hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini na kitu.

Jinsi sehemu hiyo inavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi inapoharibika. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess, wakiwa London, waliandika habari za wagonjwa watatu waliokuwa wameumia sehemu ya mbele ya ubongo. Katika vipimo vya akili vya kawaida watu hao hawakuwa na kasoro. Walizungumza vizuri, walikumbuka vizuri, walikokotoa vizuri. Watafiti waliwapeleka kwenye mtaa wa maduka na kuwapa shughuli chache: nunua mkate, nunua vitu vingine vichache, fika mahali fulani dakika 15 baada ya kuanza, tafuta taarifa nne na uziandike kwenye kadi ya posta. Ziliambatana na masharti mepesi, kama vile kutumia fedha kidogo iwezekanavyo na kutoingia dukani isipokuwa kununua. Walizielewa shughuli zote. Wakazitekeleza vibaya kuliko watu wenye afya waliopewa shughuli hizo hizo: waliacha nyingine, walivunja masharti, walizama katika moja na kuzisahau zilizobaki. Maishani mwao mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kazi zilikuwa zimewaponyoka ingawa akili, kwa maana ya mtihani, walikuwa nayo.

John Duncan wa Cambridge naye ameeleza hali ambamo mtu anaitaja kanuni kwa usahihi huku mikono yake ikiivunja. Kulijua lengo na kuongozwa na lengo ni shughuli mbili ubongoni, na ya pili inaweza kuzimika ya kwanza ikiwa bado inawaka. Kwa mtu mzima wa afya kuzimika huko ni kwa muda na kwa kiasi, ila muundo ni ule ule. Anajua kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa. Anaweza kukuambia hivyo akiwa anatazama video ya tatu.

Mbaya zaidi, nia nyingi hukabidhiwa kumbukumbu ya aina dhaifu kuliko zote. Gilles Einstein na Mark McDaniel walitofautisha mwaka 1990 kati ya kukumbuka jambo linalofungwa na tukio na kukumbuka jambo linalofungwa na saa. Ukiambiwa umpe mwenzako ujumbe utakapomwona, uso wake wenyewe unakukumbusha. Ukiambiwa uzime jiko baada ya dakika arobaini, hakuna kitu nje yako kitakachokuita. Ni lazima akili ijiamshe yenyewe katikati ya shughuli nyingine na kuulizia saa. Kazi hiyo ya kujiamsha ndiyo sehemu ya mbele ya ubongo inayoifanya kwa taabu, na ndiyo inayokwama kwanza mtu akichoka, akiwa na wasiwasi au akiwa na mambo mengi. Sasa fikiria nia ya kawaida: “nitalishughulikia baadaye.” Haina tukio, haina saa. Imetungwa kana kwamba lengo lake ni kusahaulika.

Njia iliyo wazi ingekuwa kuiimarisha sehemu hiyo ya ubongo kwa mazoezi, na biashara kubwa imejengwa juu ya tumaini hilo. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Washiriki waliboreka katika michezo waliyoicheza. Uboreshaji huo haukuhamia kwenye vipimo vingine, hata vile vilivyofanana sana na michezo hiyo. Waliojizoeza kupanga maumbo wakawa wapangaji bora wa maumbo.

Nadharia kwamba utashi ni akiba inayopungua kwa kutumiwa, iliyopata umaarufu baada ya majaribio ya Roy Baumeister ya mwaka 1998, nayo imepata pigo. Maabara 23 ziliporudia jaribio la aina hiyo kwa utaratibu mmoja na kuchapisha mwaka 2016, athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Haina maana kwamba uchovu haupo. Ina maana tu kwamba picha ya utashi kama tangi la mafuta haituelezi mengi kuhusu jinsi ya kuendesha gari.

Kinachosaidia kwa ushahidi ulio imara zaidi ni kitu kidogo hadi kinaudhi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, aligundua kwamba nia hupata nguvu ikiandikwa kwa umbo la “ikitokea hivi, nitafanya hivi.” Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1997, wanafunzi nchini Ujerumani waliombwa waandike taarifa fupi kuhusu mkesha wa Krismasi ndani ya saa 48 baada ya mkesha huo, wakati ambao hakuna mwanafunzi anayetamani kuandika chochote. Walioulizwa mapema wataandika lini na wapi waliituma kwa kiwango cha robo tatu hivi. Ambao hawakuulizwa, theluthi moja hivi. Kufikia mwaka 2006 Gollwitzer na Sheeran walikuwa wamekusanya vipimo 94 vya mbinu hiyo, na kwa jumla athari ilikuwa ya wastani hadi kubwa.

Utaratibu wake wa ndani ndio unaoeleza kwa nini sentensi moja inaweza kufanya kazi ambayo hotuba nzima imeshindwa. Sentensi hiyo inahamisha kazi. Badala ya akili kujiamsha yenyewe kwa wakati mwafaka, tukio la nje linaiamsha. Na kwa kuwa tendo la kwanza limeshachaguliwa, hakuna mjadala tena tukio linapofika. Kuna tofauti kubwa kati ya “mwezi huu nitaweka akiba” na “nikipata ujumbe wa simu kwamba mshahara umeingia, nitatuma mchango wa kikoba kabla sijaufunga ujumbe huo.” Nia ya kwanza inahitaji kukumbukwa, kupimwa na kushindana na mahitaji mengine kwa siku thelathini. Ya pili inahitaji kushinda kwa dakika mbili.

Wengi wanaoijaribu mbinu hii huikosea katika kuchagua tukio. Tukio linalofaa ni lile ambalo litatokea bila wewe kulitafuta, linaonekana waziwazi, na linatokea mahali ambapo tendo linawezekana. “Nikipata nafasi” si tukio. Nafasi haina sura. “Nikijisikia vizuri” ni hali ya hewa. “Saa mbili usiku” ni bora kidogo, lakini bado kuna mtu anayelazimika kuangalia saa. “Nikishamaliza swala ya alfajiri, kabla sijagusa simu” ni imara, kwa sababu swala imeshajenga njia yake katika siku na haingoji hamasa. Vivyo hivyo kushuka daladala kwenye kituo kile kile, au kengele ya mapumziko ya shule. Upande wa pili wa sentensi nao uwe tendo dogo linaloonekana. “Nitaandika ripoti” haitekelezeki kwa pigo moja. “Nitafungua faili na kuandika kichwa cha sehemu ya pili” inatekelezeka, na aliyefika hapo mara nyingi huendelea.

Kuna mipaka. Katherine Milkman na wenzake walipowaalika wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani kupata chanjo ya mafua kazini, walioongezewa kwenye barua nafasi ya kujiandikia tarehe na saa walichanjwa kwa kiwango cha asilimia 37 hivi, dhidi ya 33 kwa waliotajiwa tu siku na saa za kliniki. Ongezeko hilo ni la kweli, tena liligharimu mstari mmoja wa wino, lakini haliwezi kuuza vitabu. Maisha nje ya maabara yana vizuizi ambavyo sentensi haiviondoi, na mtu mwenye nia kumi zilizofungwa kwenye matukio kumi amerudi alikoanza, safari hii akiwa na daftari.

Kosa jingine ni la makadirio. Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Jibu la wastani lilikuwa siku 34. Walipoulizwa zingekuwa siku ngapi kila kitu kikienda vibaya kabisa, walisema 49. Walimaliza kwa siku 55. Mtu akipanga huitazama kazi iliyo mbele na kuifikiria ikienda; hatazami kazi za nyuma zilizofanana nayo, ambazo zina takwimu tayari. Aliyechukua wiki tatu kwa ripoti iliyopita ana kila sababu ya kukadiria wiki tatu kwa hii. Kwa bahati mbaya, ripoti hii ni tofauti, kama zilivyokuwa zote.

Huko Busia, dawa haikuwa kuwafundisha wakulima kuandika sentensi. Watafiti walishirikiana na shirika lililokuwa likifanya kazi eneo hilo na kuanzisha mpango ulioitwa SAFI. Ofisa aliwatembelea wakulima mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado nyumbani, akawapa fursa ya kulipia mbolea papo hapo kwa bei ya kawaida, kisha wakaletewa bila malipo wakati wa kuitumia. Punguzo pekee lilikuwa nauli na usumbufu wa kwenda sokoni. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa asilimia 47 hadi 70. Ruzuku ya nusu bei iliyotolewa baadaye katika msimu, ambayo ni ghali zaidi kwa yeyote anayeilipa, haikushinda hapo. La kuvutia zaidi ni kwamba wakulima walipopewa hiari ya kuchagua ofisa arudi lini kuuza, karibu nusu walimtaka aje mara baada ya mavuno. Kwa hesabu ya kawaida ya uchumi huo ni uchaguzi wa ajabu, kwani fedha taslimu mkononi haina hasara. Ni uchaguzi wa mtu anayejifahamu.

Utafiti mwingine wa eneo hilo hilo unaonya dhidi ya kulifunga jambo kupita kiasi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuchangishana masanduku ya chuma ya kuwekea akiba ya afya. Waliopewa sanduku pamoja na ufunguo waliongeza matumizi yao kwenye vitu vya kinga kwa karibu theluthi mbili. Wale ambao ufunguo wao ulishikiliwa na mradi hawakunufaika hivyo. Fedha isiyoweza kuguswa mtoto anapougua ghafla ni fedha ambayo mtu mwenye busara haweki humo. Kilichofanya vizuri kuliko yote kilikuwa chungu cha pamoja, ambapo wanakikundi walichanga na kupokea kwa zamu ili kununua vitu hivyo. Wanawake wa upatu wangeweza kuwaeleza watafiti mapema: kuna siku, kuna kiasi, na kuna watu ambao watajua hukuja.

Hilo la watu ambao watajua linajitokeza tena hospitalini. Katika jaribio lililofanyika kwenye kliniki za Nairobi na Kajiado na kuchapishwa na Richard Lester na wenzake mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI walipokea ujumbe wa simu kila wiki: “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au asiyejibu, alipigiwa na muuguzi. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiopata ujumbe. Ujumbe wenyewe hautaji dawa hata kidogo. Utafiti wa pili, uliofanyika Chulaimbo karibu na Kisumu, ulilinganisha namna mbalimbali za kukumbusha: ujumbe wa kila wiki ulisaidia, wa kila siku haukusaidia, na kuongeza maneno ya kutia moyo hakukuleta faida ya ziada. Kinachorudiwa kila siku huwa sehemu ya kelele za nyumba. Kuhusu maneno ya kutia moyo, sekta nzima ya semina za hamasa ina la kujibu.

Ipo pia hali ambamo udhaifu huu si wa kawaida bali ni tatizo la kitabibu, kama ule upungufu wa umakini unaoanza utotoni na kwa wengi kuendelea ukubwani. Dawa zipo na husaidia wengi. Lakini hata huko, Russell Barkley, aliyetumia maisha yake ya kazi akiuchunguza, husisitiza kwamba msaada uwekwe mahali na wakati tendo linapotakiwa, kwa kuwa tatizo ni la kutenda unachokijua. Somo la Jumamosi ofisini kwa mshauri halimfikii mtoto Jumanne darasani.

Hata wataalamu wenye ujuzi wa juu kabisa walichelewa kukubali kwamba kujua hakutoshi. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya vipengele 19 vya kukaguliwa wakati wa upasuaji, iliyofanyiwa majaribio katika hospitali nane duniani, ikiwemo moja ya Ifakara, Tanzania, haikuwa na jambo ambalo daktari wa upasuaji halijui. Mgonjwa ni yupi, anakatwa upande gani, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja kabla ya chale, vitambaa vimehesabiwa. Orodha husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya chale, kabla mgonjwa hajatoka. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likahimiza orodha kama hiyo katika hospitali zake zote. Hospitali 101 zilipochunguzwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2014, vifo vilikuwa vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kwamba orodha ilijazwa karibu kila mara. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu, lakini moja inayotajwa sana ni kwamba kisanduku kinaweza kuwekewa alama bila mtu yeyote kusimama. Kazi ya orodha iko katika kusimama huko, pale mikono inaposubiri na kila aliyemo chumbani kusikia jibu. Kengele ya simu hupatwa na ugonjwa huo huo baada ya wiki chache: kidole hujifunza kuizima kabla jicho halijasoma kilichoandikwa. Iliyofika hapo haina budi kufutwa, kuhamishiwa kwenye tukio jingine, au kukabidhiwa kwa mtu ambaye, asipojibiwa, atapiga simu.